Kutoka yai hadi wiki ya nane: kuatamisha koo na kulea vifaranga wa kienyeji

Maswali ni yaleyale kila msimu. Nianze na kuku wangapi? Kwa nini mayai 12 yametoa vifaranga watano? Mbona wanatotolewa kumi, na miezi miwili ikipita wamebaki wawili? Mwongozo huu unajibu zaidi hilo la mwisho, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kuvunja banda.

Koo wa kienyeji anajua kuatamia kuliko mashine yoyote ya bei nafuu. Kutotoa si tabu yake. Vifaranga wanamalizwa na baridi, njaa, mwewe na mdondo (ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri), na yote manne unaweza kuyazuia kwa vitu vinavyopatikana kijijini. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usikimbilie kununua vifaranga mia wa siku moja. Anza na mitetea watatu au wanne na jogoo mmoja, ujifunze kuwafikisha vifaranga wao wiki ya nane wakiwa hai. Ukishaweza hilo, idadi itakuja yenyewe, na utakuwa umeonja raha ya kazi hii: kusikia kifaranga akilia ndani ya ganda na mama yake akimjibu kabla hata hawajaonana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mitetea 3 au 4 waliokwisha kutaga angalau mzao mmoja. Tembe anayetaga kwa mara ya kwanza mayai yake ni madogo, na wengi wao hawatulii kwenye kiota.
- Jogoo mmoja mwenye afya, asiye ndugu wa mitetea hao. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10.
- Banda lisilovuja, lenye hewa na vichanja vya kulalia. Kadiria kuku wakubwa 4 au 5 kwa mita moja ya mraba.
- Viota: boksi gumu, kapu pana, chungu kilichovunjika mdomo au sanduku la mbao, upana wa sentimita 35 hivi.
- Mchanga mkavu au majivu, nyasi kavu laini, na maranda ya mbao.
- Dawa ya unga ya kuua utitiri na viroboto.
- Tenga kubwa la kufunikia koo na vifaranga.
- Vyombo vya maji vyenye kina kifupi, na kokoto safi za kuweka ndani yake.
- Tochi, hata ya simu.
- Penseli.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Itafute leo, usingoje siku kuku wanapoanza kufa.

Kuhusu aina, chukua wale wanaostawi mahali ulipo. Kuchi wana umbo kubwa na wanapendwa sokoni, ila ni wagomvi. Kishingo, kwa kuwa hana manyoya shingoni, huvumilia joto vizuri. Kuroiler na Sasso, aina za kuku walioboreshwa, hutaga sana na hukua haraka, lakini usiwategemee kuatamia, maana silika hiyo imepungua mno kwao. Mayai yao unaweza kumwekea koo wa kienyeji, naye atayalalia bila kuuliza ni ya nani.

Hatua kwa hatua

1. Chagua na utunze mayai. Kusanya mayai kila siku, tena zaidi ya mara moja wakati wa joto. Chagua ya ukubwa wa wastani, yenye umbo la kawaida, yasiyo na ufa. Yaliyo duara kama mpira, marefu kupita kiasi au yenye ganda la mikwaruzo, peleka jikoni. Yahifadhi mahali penye ubaridi na kivuli, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Yai la kuatamiwa lisizidi siku 10 tangu litagwe. Likifika wiki mbili, uwezekano wa kutotolewa umeshuka sana.

Usiyaoshe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu kuingia, na maji huuondoa. Usiyaweke kwenye friji. Na usinunue mayai ya dukani ukitegemea vifaranga, kwa kuwa mengi hutoka kwa kuku wa mayai wasiokaa na jogoo.

2. Andaa kiota. Weka mchanga au majivu chini, ukitengeneza bonde dogo katikati ili mayai yasitawanyike pembeni, kisha tandika nyasi kavu. Nyunyizia dawa ya utitiri kwenye kiota na chini ya mbawa za koo kabla hajaanza kuatamia. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Utitiri hunyonya damu usiku, na koo anayenyonywa husimama kila mara kujikuna mpaka mayai yanapoa. Mwishowe huyahama. Majani ya mwarobaini au ya tumbaku chini ya nyasi husaidia, lakini kama utitiri umeshaingia bandani hayatoshi peke yake.

Kiota kiwe sehemu yenye giza kidogo, mbali na viota vya kutagia. Kama eneo lenu lina siafu, zungushia majivu, au inua kiota juu ya stuli ambayo miguu yake imesimama kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo. Siafu wakiingia usiku wanamaliza koo na mayai kabla ya kukucha.

3. Mwekee mayai usiku. Mtetea aliye tayari utamjua: anabaki kiotani hata usiku, anajinyonyoa manyoya ya kifuani, na ukimsogelea anajitutumua na kukudonoa. Mjaribu siku mbili kwa mayai ya bandia au viza. Akitulia, mwekee mayai 10 hadi 13 kulingana na ukubwa wa mwili wake. Yote lazima yafunikwe na mbawa. Ukimzidishia atakuwa anayabadilisha nafasi, na kila siku baadhi yatapata baridi. Mwisho utapata vifaranga wachache kuliko ungemwekea kumi.

Weka alama ya penseli kwenye kila yai. Mitetea wengine hupenda kuja kutagia palepale, na bila alama utajikuta na mayai ya umri tofauti. Lisilo na alama litoe siku hiyohiyo.

Kama una mitetea wawili au watatu wanaokaribia kuatamia, waanzishe siku moja. Yule aliyetangulia muache na mayai mawili ya viza mpaka wenzake wawe tayari, ila usimcheleweshe kupita wiki moja, kwa sababu anakonda. Kisha wawekee mayai usiku mmoja. Faida yake ni kubwa: vifaranga wote wanakuwa umri mmoja, chanjo inakwenda kwa pamoja, na koo mmoja anaweza kulea wa wenzake.

4. Mtunze koo anayeatamia. Hutoka mara moja kwa siku, dakika 10 hadi 20, akala, akanywa, akanya na kurudi. Chakula na maji viwe karibu, lakini si ndani ya kiota. Mahindi au mtama mzima unamfaa. Asipotoka siku mbili mfululizo, mnyanyue taratibu na umpeleke kwenye maji. Akichafua mayai kwa kinyesi, badilisha nyasi na ufute kwa kitambaa kikavu.

5. Mulika mayai siku ya 7. Fanya usiku. Viringisha karatasi ngumu iwe bomba, weka yai mdomoni mwa bomba, tochi upande wa pili. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika. Lililo jeupe tupu halikuwa na mbegu. Lenye mviringo wa damu bila mishipa, kiinitete kimekufa. Toa hayo mawili, kwani likioza na kupasuka kiotani linaharibu mengine. Rudia siku ya 14.

Mwite mtoto aangalie nawe. Hakuna somo la uhai linaloeleweka haraka kama kuona moyo mdogo ukidunda ndani ya ganda.

6. Kuanzia siku ya 18, usiguse. Kifaranga amejipanga tayari kutoka. Usimulike, usigeuze, usitumbukize mayai kwenye maji kupima kama yanacheza, ingawa utasikia watu wakikushauri hivyo. Siku ya 21 wataanza kutoka, wengine hutangulia au kuchelewa siku moja. Ondoa maganda matupu. Usimvunjie ganda kifaranga anayechelewa: bado ananyonya kiini na damu iliyobaki, na ukimtoa kwa nguvu mara nyingi unamuua.

Waache wakauke chini ya mama yao. Kiini alichonyonya kinamtosha kifaranga siku mbili bila kula, kwa hiyo usiwe na pupa ya kulisha.

7. Chagua njia ya kulea. Ziko mbili.

*Pamoja na mama.* Wafungie chini ya tenga au kwenye chumba kidogo chenye maranda kwa wiki tatu hadi nne. Koo awe ndani, asizurure. Hapa ndipo kijijini tunapowapoteza: koo anafunguliwa asubuhi ya tatu, anatembeza watoto kwenye umande, wa nyuma wanachoka, kunguru anachukua mmoja, mwewe mmoja, nguchiro wawili. Koo mmoja mpole anaweza kulea vifaranga 20 hadi 25. Wale wa wenzake mwingizie usiku, siku ileile walipotoka. Mitetea waliopokonywa watoto watarudi kutaga baada ya wiki chache badala ya kukaa miezi mitatu wakilea.

*Bila mama.* Tengeneza duara kwa bati au karatasi ngumu. Nasema duara kwa sababu vifaranga hukimbilia kona, hupandana na waliopo chini hukosa hewa. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 kwenye sehemu wanayolala, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Huna kipimajoto? Wao wenyewe ni kipimo. Wakijikusanya chini ya taa wakilia, wana baridi. Wakikaa mbali wakiwa wamefungua midomo, joto limezidi. Wakilala upande mmoja, kuna upepo unaoingia. Wakitawanyika na kula, umepatia. Dar es Salaam au Tanga huenda ukahitaji joto usiku tu, lakini Njombe na Makete utawasha mchana pia, na kwa wiki nyingi zaidi.

Ukitumia jiko la mkaa, lishike moto vizuri nje kwanza na uache tundu la hewa juu. Hewa ya mkaa inaua vifaranga, nawe pia ukilala humo. Kama huna umeme wala pesa ya mkaa, tengeneza kinengunengu: sanduku lenye nyasi kavu pande zote na juu, lenye mlango mdogo wa kutokea kwenda kulia chakula. Vifaranga hupashana joto kwa miili yao, kwa hiyo wawe wengi kiasi. Kinengunengu chenye vifaranga sita hakitapata joto.

8. Lisha na nywesha ipasavyo. Maji yatangulie, chakula kifuate. Weka kokoto kwenye chombo ili wasizame wala kulowa, maana kifaranga aliyelowa usiku hafiki asubuhi. Badilisha maji kila siku.

Pumba tupu si chakula cha kifaranga. Inamjaza tumbo, hakui, manyoya yanasimama na mbawa zinashuka. Ukiweza, nunua chakula cha vifaranga kwa wiki nne za mwanzo, kwani kifaranga wa kienyeji hali kingi na gharama ni ndogo kuliko unavyodhani. Ukichanganya mwenyewe, kwa kilo 10 tumia mahindi yaliyobarazwa kilo 6, mashudu ya alizeti kilo 1.5, dagaa waliosagwa kilo 1.5, pumba laini robo tatu ya kilo, na robo kilo ya chokaa ya mifugo iliyochanganywa na unga wa mifupa. Ongeza chumvi gramu 25 na virutubisho vya dukani kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kama dagaa ni wa chumvi, usiongeze chumvi kabisa. Chumvi ikizidi inaua vifaranga. Soya unaweza kuitumia, ila ikaangwe kwanza, kwani ikiwa mbichi inazuia mwili kutumia protini. Mahindi yenye ukungu yatupe: sumukuvu haitoki kwa kuanika wala kwa kusaga.

Nyongeza nzuri isiyo na gharama ni mchwa. Jaza chungu samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi, nyunyizia maji, kifudikize jioni juu ya tundu la mchwa. Asubuhi na mapema kung'utia vifaranga kabla jua halijapanda. Utapenda kuwaona wanavyogombania.

9. Chanja. Hapa sina mjadala. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, hauna dawa, na unaweza kusafisha banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, Kibaha, na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani za mdondo, lakini isikae juani, na ukishaichanganya itumie siku hiyohiyo. Dozi ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa. Msubiri apepese jicho ndipo umwachie.

Chanja vifaranga wakiwa wiki ya kwanza, rudia baada ya wiki tatu, kisha kila miezi mitatu au minne. Wengi hufuata Januari, Mei na Septemba, na ya Septemba usiikose, kwani mdondo hupamba moto kiangazi. Wapigie simu majirani mchanje siku moja, maana kuku wenu wanakula jaa moja.

Chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga, hutolewa kwenye maji ya kunywa siku ya 14 na ya 28. Usitumie maji ya bomba yenye klorini. Ndui huchomwa kwenye ngozi ya bawa, kuanzia wiki ya 6 hivi, na ifanywe kabla ya mvua, kwa kuwa mbu ndio wanaoisambaza. Kuku mgonjwa usimchanje.

10. Waachishe na kuwazoesha nje. Wiki ya nne au ya tano mtenge mama. Vifaranga watalia siku mbili, kisha watasahau. Waanze kutoka saa chache mchana, umande ukishakauka, kwenye eneo lenye vichaka au kivuli cha kukimbilia mwewe akipita. Jioni wape chakula bandani ili wazoee kurudi wenyewe.

Mambo yakienda vibaya

*Mayai mengi hayana mbegu.* Jogoo amezeeka, anaumwa miguu, au mitetea ni wengi kuliko uwezo wake. Au yanaonekana hivyo kwa sababu yalikaa mno kabla ya kuwekwa.

*Vifaranga wanafia ndani ya ganda wakikaribia kutoka.* Mara nyingi koo alikuwa anaamka ovyo kwa sababu ya utitiri au bughudha, au jogoo na mitetea ni ndugu. Badilisha jogoo kila mwaka.

*Kinyesi cheupe kimeganda nyuma ya kifaranga wa siku chache.* Kama ni mmoja, msafishe kwa maji ya vuguvugu, mkaushe, angalia joto la chumba. Wakiwa wengi na wanakufa, huenda ugonjwa umetoka kwa mama kupitia yai. Mwite mtaalamu, na mayai ya mitetea hao usiyaatamishe tena.

*Kuhara damu, wiki ya tatu hadi ya sita.* Hii ni koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na inapenda maranda yenye unyevu. Ondoa maranda yote, weka makavu, na tumia dawa yenye amprolium kwenye maji kwa maelekezo ya pakiti. Antibayotiki za kawaida haziui koksidia. Na tuache hii tabia ya kuwapa vifaranga wazima antibayotiki tangu siku ya kwanza "kwa kinga". Inaharibu dawa tutakazozihitaji wote, watu na mifugo.

*Wanadonoana mpaka damu.* Nafasi ni ndogo, mwanga ni mkali au protini haitoshi. Mtenge aliyejeruhiwa mara moja, ning'iniza mchicha au majani ya kabichi wadonoe hayo.

*Vipele kwenye upanga na pembeni mwa macho.* Ndui. Haina tiba ya moja kwa moja. Safisha macho kwa maji ya chumvi kidogo ili waweze kuona chakula, na wengi watapona.

*Kuhara kijani, shingo kupinda, vifo vya ghafla.* Chukulia ni mdondo. Usiuze, usigawe, usitupe mizoga jaani. Fukia ndani sana au choma, mwarifu afisa mifugo, na usiingize kuku wapya mpaka banda limesafishwa na kukaa tupu.

Ukitaka kumjaribu koo kwa mayai mengine

Koo mzuri hulalia mayai ya kanga, ambayo huchukua siku 26 hadi 28. Bata wetu wa kijijini huchukua siku 35 hivi, na si kila koo atavumilia muda huo, kwa hiyo mpe chakula kizuri zaidi na mayai machache, sita au saba. Vifaranga wa bata watenge na wa kuku wakishatoka, kwani wanachezea maji mpaka maranda yote yanalowa, na unyevu huo ndio unaoleta koksidia. Bata mzinga usiwafuge banda moja na kuku kabisa. Kuku hubeba ugonjwa wa ini usiowasumbua sana wao, lakini unaoua bata mzinga, hasa wadogo.

Wiki ya nane ikifika, wapime uzito na uwapange. Tembe waliokua haraka na wenye mama mpole kiotani wabakize kwa mbegu. Mapora (majogoo wadogo) wengi walishe vizuri wauzwe, maana jogoo watatu kwenye banda la mitetea wanne watapigana kutwa na mayai yako yatakosa mbegu.